Nusu Kipimo cha Misigiri

Yunisi alifikishwa hospitali juu ya machela ya miti, mtoto akiwa ameshatoka njiani bila uhai. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mama mkwe wake, Rahabu, alitembea kando ya wabebaji akiwa amekumbatia furushi dogo la kanga, na hata Yunisi alipolazwa kitandani hakutaka mtu yeyote amtue furushi lile.

Aliyewapokea alikuwa Daktari Yeremia, mtoto wa mzee Mughwai wa huko huko Iramba, mmoja wa vijana wachache wa pande zile waliokwenda Makerere wakarudi madaktari. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyeweza kusimama mahali pamoja. Hata akiongea na mgonjwa alikuwa akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule, kama mtu anayesubiri lori.

Alimchoma Yunisi kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akalitia rangi na kuinama kwenye hadubini. Hakuhitaji kutafuta. Vijidudu vilikuwa vimejaa, vyembamba, vimejisokota kama vipande vya uzi chini ya cherehani. Homa ya papasi. Ile homa inayopanda siku kadhaa, ikashuka, mtu akainuka akadhani amepona, kisha ikamrudia. Mwanamume mwenye nguvu aliweza kuvumilia mizunguko yake, lakini mwanamke mwenye mimba alikuwa na bahati kama yeye mwenyewe atabaki hai.

"Mnatoka wapi, mama?" akamuuliza Rahabu.

"Misigiri."

Yeremia akainua uso kutoka kwenye hadubini. "Misigiri yenyewe, au vitongoji vya kule chini?"

"Misigiri yenyewe. Nyumba yangu si mbali na barabara."

Daktari akamwandalia Yunisi sindano ya penisilini, akamfunika blanketi, akatoka nje akazunguka jengo zima, kisha akarudi kukitazama kioo kile kile mara ya pili. Homa hiyo haikupaswa kuwepo Misigiri. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika hivyo, na maandishi yake yalikuwa yamechapishwa Uingereza.

Ilikuwa mwaka 1953. Miaka miwili nyuma, Yeremia alikuwa amefanya kazi na daktari mmoja Mwingereza ambaye watu walimwita Bwana Papasi, kwa sababu alikuwa akiingia katika nyumba zao za tembe, anapiga magoti kando ya mafiga na kuchota udongo kwa kijiko cha chai ili atafute wadudu. Papasi hukaa humo, kwenye nyufa za sakafu na chini ya ngozi za kulalia, na hutoka watu wakilala. Bwana Papasi alitaka kujua ni unga wa dawa kiasi gani unaotosha kuwamaliza. Kijiji cha Kinyangiri kikapangiwa kipimo kamili, kijiji cha Misigiri nusu kipimo. Baada ya miezi ya mvua zikaletwa chupa za papasi na vioo vya damu kutoka vijiji vyote viwili, na majibu yakashangaza. Papasi walikuwa wameisha huku na huku. Nusu ilikuwa imefanya kazi ya kipimo kizima.

Wakaandika makala, na jarida la madaktari kule Uingereza likaichapisha, jina la Bwana Papasi juu, la Yeremia Mughwai chini yake. Mchungaji alilisoma jina hilo kanisani, akajaribu kusoma na kichwa cha makala, akashindwa njiani, watu wakapiga makofi hivyo hivyo. Serikali nayo ilifurahi. Unga wa dawa ulitoka mbali na ulikuwa haba, na sasa ule ule ungefika mara mbili zaidi. Ikatoka amri kwamba Jimbo la Kati lote litumie nusu kipimo. Yeremia akapewa nafasi ya kwenda kusoma zaidi Uingereza, na tarehe ya meli ilikuwa imeshatajwa.

Siku Yunisi alipoweza kukaa na kunywa uji, Yeremia alivuta kiti karibu na Rahabu.

"Mama, nisaidie jambo moja. Dawa ya unga ilipowekwa kwenu mara ya kwanza, mwaka juzi, papasi walipungua?"

Rahabu akamtazama. "Mwaka juzi? Dawa hiyo tumeiona mwaka huu, baada ya mavuno. Kuku walikula papasi waliozubaa kwa dawa, wawili wangu wakafa. Basi. Papasi wengine wapo tu."

"Kabla ya mwaka huu hawakuja watu na mifuko? Hamkutobolewa vidole?"

"Nani atutoboe, Daktari? Mwaka juzi hata muuza chumvi hakufika. Mbuga ilijaa maji hadi tukala mtama bila chumvi."

Yeremia aliwarudisha Misigiri yeye mwenyewe katika lori la hospitali, na badala ya kugeuza akaenda nyumba kwa nyumba. Alimsalimu jumbe wa kijiji, akauliza. Aliuliza wazee, wanawake wanaotwanga, watu waliokuwa wakirudisha ng'ombe. Wote walisema neno lile lile kwa njia tofauti. Mwaka juzi hakuja mtu. Mzee mmoja alimwuliza kwa nini daktari mzima anatembea akiwauliza watu kama wanakumbuka miili yao wenyewe.

Vioo vya damu vya utafiti ule vilikuwa bado vipo, vimepangwa katika makasha ya mbao kwenye chumba cha nyuma cha hospitali. Yeremia akalileta kasha la Kinyangiri na lile la Misigiri, akaviweka vioo viwili viwili. Alikuwa ameviona vyote zamani, lakini kijiji kimoja kwanza, kingine wiki zilizofuata, na alipoona vinafanana alifurahi, akidhani ni ushahidi unaojiimarisha wenyewe. Sasa alitafuta kile ambacho hakiwezi kufanana kwa bahati. Katika kioo kimoja cha Kinyangiri, cha kabla ya unga kuwekwa, alikuta damu ya mtu mwenye vijidudu vya papasi, na malaria, na pia viminyoo vidogo vya damu, ambavyo kwa Iramba ni nadra. Akachukua kioo cha nambari ile ile kutoka Misigiri. Papasi, malaria, viminyoo.

Akajaribu kingine, na kingine. Ilikuwa damu ya watu wale wale, iliyotolewa kidole cha kushoto na kidole cha kulia, ikapewa vijiji viwili.

Alifunga makasha, akatoka nje, akatembea hadi sokoni na kurudi bila kununua kitu. Kilichomtesa si kwamba hakujua ni nani. Alijua. Aliyetumwa kukusanya damu na papasi kwenye vijiji vyote viwili alikuwa bwana afya wa Kinyangiri, na bwana afya huyo alikuwa Damiani, mume wa dada yake.

*

Damiani alikuwa akitengeneza mnyororo wa baiskeli uani alipomwona shemeji yake anakuja. Akainuka akajifuta mafuta mikononi, akacheka kwa furaha, kwani walipendana. Walikuwa wamesoma shule moja ya misheni, na Damiani ndiye aliyemuuguza Yeremia ujanani alipopata homa ya kufa na kumbeba mgongoni hadi kwa wazungu wa misheni. Luciana, dada yake Yeremia, akatoka ndani na mtoto wao mdogo Theodora akining'inia kwenye nguo yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakula udongo tu."

Yeremia hakukaa. Luciana akaleta kigoda, akamsogezea, naye akaendelea kusimama. Mwishowe akasema, "Damiani, nimetoka Misigiri."

Damiani akashika tena baiskeli, akazungusha pedali taratibu, gurudumu likalia.

"Wanasema hawajakuona," Yeremia akaendelea. "Na vioo nimeviona. Ni vya Kinyangiri vyote."

Luciana akamwambia Theodora akacheze nyuma ya nyumba. Damiani aliacha pedali, lakini gurudumu likaendelea kuzunguka lenyewe.

"Shemeji, mvua ile unaikumbuka," akasema. "Mbuga ilikuwa bahari. Lori halipiti, punda hapiti. Nilijaribu mara ya kwanza nikarudi na matope kifuani. Mara ya pili ningeweza. Sitakudanganya, ningeweza, kwa kuzunguka mbali kwa miguu, ningekaa huko mwezi au zaidi. Lakini huyu," akamwonyesha Luciana kwa kidevu, "alikuwa na mimba ya Theodora, na homa ilikuwa imemshika. Homa yenyewe ile ile. Imepanda, imeshuka, inangojewa irudi. Ningemwacha na nani?"

"Ungeniandikia."

"Bwana Papasi alikuwa ananiletea ujumbe kila wiki. Iko wapi Misigiri? Iko wapi Misigiri? Nikasema watu ni watu, damu ni damu, papasi ni papasi. Nitachoma watu wa hapa vidole viwili badala ya kimoja."

"Na unga wa Misigiri uliupeleka wapi?"

Damiani akatazama chini. "Watu wa hapa waliuomba. Niliumwaga humu humu, juu ya ule wa kwanza."

Yeremia akashika kichwa. Hapo ndipo jambo lilipomfikia zima. Kile walichokiandika kuwa ni nusu kipimo kilikuwa kipimo kizima na nusu yake. Ndiyo maana papasi waliisha. Na kwa maneno hayo jimbo zima lilikuwa sasa linanyunyiziwa unga wa kuwalevya tu papasi.

"Kuna mwanamke wa Misigiri amepoteza mtoto," akasema. "Nyumba yao iliwekwa nusu. Yetu. Nusu yetu sisi."

Luciana akaanza kusema kwa Kinyiramba, kama walivyosema walipokuwa watoto nyumbani kwa baba yao, haraka na kwa sauti ya chini. Alisema kwamba siku Damiani alipofunga mzigo kwenda Misigiri, ni yeye aliyeufungua. Alimshika miguu. Alimwambia akienda atamkuta kaburini. "Basi ukiandika huko kwa wakubwa zako, andika na jina langu," akasema. "Useme dada yako alitaka kuishi."

Yeremia aliondoka bila kula, na nyumbani kwa dada kuondoka bila kula ni jambo zito.

*

Bwana Papasi alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama dirishani kwenye kituo chake kidogo cha utafiti. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha watu wa bara, na hakukasirika upesi. Alipogeuka uso wake ulikuwa umekuwa mweupe zaidi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, Bwana."

"Vizuri. Keti, Yeremia." Yeremia akaketi, akainuka tena. "Sikiliza. Tutarudia. Kimya kimya. Msimu ujao tutapeleka mtu mwingine Misigiri, tutapata majibu yetu, na kama nusu haitoshi tutaandika makala mpya: tumechunguza zaidi, tumeona afadhali kuongeza. Madaktari hufanya hivyo kila siku. Hakuna atakayeumia."

"Na mpaka msimu ujao?"

"Mpaka msimu ujao watakuwa na nusu. Nusu ni bora kuliko hakuna."

"Hilo nalo hatulijui, Bwana. Hatujawahi kulipima."

Bwana Papasi akapitisha mkono usoni. "Unajua watasema nini wakisoma kwamba tumeifuta makala yetu? Hawatasema mvua, hawatasema mke mgonjwa. Watasema waliaminiwa Waafrika wakadanganya. Watasema juu yako. Ile meli itaondoka bila wewe. Na baada yako wale wengine wanaosoma Makerere sasa, wataulizwa kila neno wanaloliandika. Umelifikiri hilo?"

Yeremia alikuwa amelifikiri. Lilikuwa limempa njia yote kutoka Kinyangiri jambo la kutafuna. Akasema, "Hata hivyo maneno yale si ya kweli, na jina langu liko chini yake."

"Langu liko juu."

"Ndiyo, Bwana. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Hawakuelewana siku ile. Yeremia akarudi hospitali akamwandikia mhariri wa jarida kule Uingereza. Aliandika, akachana, akaandika upya. Barua ya mwisho ilikuwa fupi. Alisema kwamba takwimu zilizotajwa kuwa za Misigiri si za Misigiri, ni za Kinyangiri zilizorudiwa, na kwamba hitimisho lote juu ya nusu kipimo halina msingi. Aliomba makala ifutwe. Hakumtaja Damiani. Aliandika kwamba yeye mwenyewe alivitazama vioo vyote na alipaswa kuona.

Wakati wa kungoja jibu ulikuwa mgumu kuliko kuandika. Wagonjwa wa homa waliendelea kuja, kutoka Misigiri na vijiji vingine vilivyonyunyiziwa nusu. Kila alipoinama kwenye hadubini na kuona zile nyuzi alihisi kama anasoma mwandiko wake mwenyewe. Usingizi ulimpaa. Watu wa hospitali wakaanza kusema Daktari ana jambo. Alikuwa akianza kufunga kidonda, anakumbuka kitu, anamwachia mwingine amalizie. Alimwendea Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kumwomba asimamishe ile nusu. Akaambiwa amri imetoka juu, na juu wanafuata makala.

Jibu la mhariri lilipokuja lilikuwa la adabu na halikusaidia. Makala ilikuwa na waandishi wawili. Jarida halikuweza kuifuta kwa neno la yule wa pili peke yake.

Yeremia aliikunja barua, akaiweka mfukoni, akaenda moja kwa moja kituoni kwa Bwana Papasi.

"Twende Misigiri," akasema.

"Nina kazi."

"Ni nusu siku tu, Bwana. Ukiona, ukarudi ukakataa, sitakusumbua tena."

Sijui ni nini kilimfanya Mzungu yule akubali. Labda naye hakuwa akilala. Walikwenda kwa Landrova, barabara ikiwa kavu na vumbi likiwafuata.

Rahabu aliwakaribisha bila furaha. Nyumba yake ilikuwa tembe la kawaida, paa la udongo lililo bapa, na ndani giza na harufu ya moshi iliyochanganyika na ile harufu ya ukungu ya dawa ya unga, kwa maana ilikuwa imenyunyiziwa. Bwana Papasi alipiga magoti kando ya mafiga kama zamani. Alichota udongo kwa kijiko, akachota chini ya ngozi aliyokuwa akilalia Yunisi, akajaza bakuli, akatoka nalo nje. Yeremia alikuwa ametandika shuka jeupe la hospitali juani. Wakaumwaga udongo juu yake wakautawanya kwa viganja.

Kwanza hapakuwa na kitu. Udongo tu, na vipande vya makaa. Papasi akiguswa hujifanya mfu, hukunja miguu akafanana na punje ya changarawe. Wanakijiji waliokusanyika walianza kunong'ona. Jua likaupasha udongo. Kisha punje moja ikatoa miguu ikatembea. Ikafuata nyingine. Muda si muda shuka lote lilikuwa linatembea, papasi wakubwa wa rangi ya udongo na watoto wao wadogo sana, wote wakikimbilia kivuli cha magoti ya Bwana Papasi.

Yunisi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa bado mdhaifu, ameshika mwimo. "Ndio hawa?" akauliza.

"Ndio hawa," Yeremia akamjibu.

"Na dawa?"

Yeremia akageuka kumtazama Bwana Papasi. Mzungu aliendelea kupiga magoti muda mrefu, hata papasi mmoja alipompanda kwenye suruali na Rahabu akamkung'uta kwa ufagio, bila kuomba ruhusa. Mwishowe akainuka. Akamsogelea Yunisi, akavua kofia.

"Dawa mliyopewa ilikuwa haitoshi," akasema. "Kosa ni letu."

Yunisi alimtazama tu, akaingia ndani.

Bwana Papasi alitia saini pale pale barua ya pili kwa mhariri, ambayo Yeremia alikuja nayo, ameilaza juu ya boneti ya Landrova. Mkono wake ulikuwa na vumbi, na alama ya kidole chake ikabaki kando ya jina.

*

Jarida lilitoa tangazo la mistari michache, chini ya ukurasa, kwamba makala ya waandishi hawa wawili imefutwa kwa ombi lao wenyewe kwa sababu takwimu za kijiji kimoja zilirudiwa kuwa za kingine. Safari hii mchungaji hakusoma kitu kanisani. Lakini habari hupita, na watu waliompigia makofi Yeremia walianza kumsalimu kwa upole wa kupita kiasi, kama mtu aliyefiwa. Ile meli iliondoka bila yeye. Barua iliyomwambia hivyo haikutoa sababu.

Amri ya nusu kipimo ilikaa miezi mingine kabla ya kutenguliwa, maana waliotoa amri hawakupenda kuonekana wanarudi nyuma. Bwana Papasi aliandika, akaenda mwenyewe Dodoma kugombana, akarudi, akaenda tena. Ilipotenguliwa hatimaye alihamishwa nchi nyingine, na siku ya kuondoka alimpa Yeremia mkono akiwa ndani ya gari. Akasema, "Ungeninyamazia tungekuwa wote mahali pazuri zaidi." Baadaye kidogo akasema, "Lakini sikulaumu." Yeremia hakujua ni lipi kati ya hayo mawili alilolimaanisha.

Kuhusu Damiani, wakubwa wa jimbo walianza kuuliza ni nani aliyekusanya damu ile. Yeremia alijiandaa kukataa kujibu, na hakujua kama angeweza. Hakuhitaji kujua. Kabla hajaitwa, Damiani alipanda baiskeli ya serikali kutoka Kinyangiri hadi ofisini, akaiegemeza ukutani, akaingia akasema, "Ni mimi." Akawaeleza kila kitu isipokuwa habari ya Luciana kuufungua mzigo. Alirudi nyumbani kwa miguu, kwa sababu baiskeli ilibaki kule.

Waliamua kuhamia Rungwa. Damiani alikuwa na ndugu huko mwenye mizinga ya nyuki, na Rungwa ni mbali, mbali kiasi ambacho mtu haulizwi alikuwa nani. Yeremia alipata habari siku ya safari yenyewe, akakimbia kituo cha malori mjini Singida, akawakuta wanapakia. Vyungu, mkeka, kuku wawili katika tenga. Theodora alikuwa ameshakaa juu ya magunia akiwapungia mkono watu asiowajua.

Damiani akashuka, wakashikana mikono, wakashindwa kuachiana. "Ungefanya nini kingine?" Damiani akasema. "Nami ningefanya nini kingine?"

Luciana alikuwa akifunga kamba ya mzigo. Alipomaliza aligeuka, akashika kanga yake vizuri, akapiga goti kidogo kama wanavyofundishwa wasichana wa Iramba mbele ya kaka mkubwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, Luciana."

Yeremia akangoja. Alidhani litafuata neno, hata la kutukana angelipokea. Lakini Luciana alikuwa amempa heshima anayodaiwa, na hakuwa na zaidi. Akapanda lori. Walipoondoka alikuwa ameelekeza uso mbele.

Yeremia alibaki hospitali. Aliomba kufanya upya utafiti wa Misigiri na, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyetaka, akaachiwa. Safari hii alikwenda mwenyewe, na mvua zilipoanza alitembea kuizunguka mbuga na mifuko ikiwa mabegani mwa wapagazi, na mara nyingi njiani alimfikiria Damiani. Kwenye nyumba ya Rahabu kikawekwa kipimo kamili. Yunisi alikuwa na mimba tena.

Ndipo Yeremia akapoteza utulivu kabisa. Alikuwa akija Misigiri hata siku ambazo hazikuwa za kazi. Anachota udongo, anautandaza juani, anangoja. Hakuna kinachotembea. Anachota tena kona nyingine. Anamwuliza Yunisi kama anahisi baridi, kama kichwa kinauma, kama jana alikuwa na homa. Yunisi alimjibu mara za kwanza. Baadaye akawa anaingia ndani akimwona kwa mbali.

Siku moja Rahabu alimkuta amepiga magoti tena kwenye mafiga, kijiko mkononi, jasho linamtoka.

"Daktari."

"Naam, mama."

"Papasi wamekufa. Tumeona wenyewe. Tangu mvua hatujaumwa."

"Najua. Nataka tu kuhakikisha kwenye ufa huu—"

"Umeuhakikisha juzi." Rahabu akamwondolea kijiko mkononi, kwa upole, kama anavyoondolewa mtoto kisu. "Toka uani. Kuna ugali wa uwele na mlenda. Yunisi anaendelea vizuri. Atazaa au hatazaa, Mungu ndiye ajuaye, lakini kwa kumchungulia hivi unamtia hofu."

Yeremia akatoka. Rahabu akamwekea kigoda kivulini mwa ukuta, akamnawisha mikono, akamwekea chakula mbele yake. Akaketi. Yunisi akapita na mtungi, tumbo mbele, akamsalimu bila kusimama. Yeremia akaitikia, akamega tonge, akalichovya kwenye mlenda. Miguu yake ilikuwa bado inachezacheza vumbini, na Rahabu, aliyekaa mkabala naye akipembua mtama, aliitazama, akaacha ungo.

"Kula kwanza," akasema.